UZI: Watu watatu wanaotaka kugeuza majivu yawe kuni

Mzee wa Elektroni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutaonana kwenye nyuzi za mpira.

Kuna swali hunisumbua kila nikisoma habari za kampuni changa: hawa watu walikutanaje, na nani alimfuata nani? Habari zenyewe hujaa mashine na mamilioni ya dola, watu wakatupwa aya ya mwisho na picha moja wamekunja mikono. Leo nageuza. Nawaletea timu ya Twelve, kampuni ya Berkeley, California, inayochukua hewa ukaa, maji na umeme, ikatoa mafuta ya ndege na malighafi za plastiki.

Kwanza ugumu wa kazi, maana usipouona hutaelewa kwa nini ilihitaji watu watatu. Hewa ukaa ni majivu. Kuni zikishaungua, joto limekwenda zake na majivu hayawaki tena. Kaboni nayo ikishaungana na oksijeni imefika nyumbani, imetulia, haina shida na mtu. Ukitaka kuirudisha iwe mafuta, sharti uilipe nguvu yote iliyotoa siku ilipoungua, kisha uongeze ya usumbufu. Hakuna kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemia bila chenyewe kuisha, kinachofuta deni hilo. Kichocheo hupunguza usumbufu, basi.

Sasa watu. Kendra Kuhl ni mkemia. Etosha Cave ni mhandisi wa mitambo, mtoto wa Houston, Texas, mji ambao mafuta ndiyo uhai wake. Kabla ya shahada ya uzamivu alisoma Olin, chuo cha uhandisi ambacho wakati huo kilikuwa kipya kabisa, yeye akiwa katika kundi la kwanza kuhitimu. Mtu anayekubali kuwa mwanafunzi wa kwanza wa chuo kisicho na historia tayari ana moyo wa kuanzisha kitu, hayo ni maoni yangu.

Wawili hawa walikutana Stanford, kwenye maabara ya Thomas Jaramillo, wakichunguza kinachotokea ukipitisha umeme kwenye kipande cha shaba kilichozama ndani ya maji yenye hewa ukaa. Kwamba kitu hutokea, ilishajulikana. Yoshio Hori na wenzake kule Japani walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba shaba, tofauti na metali nyingine, hutoa gesi za methani na ethilini. Alichofanya Kuhl, Cave akiwa mmoja wa waandishi wenzake, ni kujenga chombo kilichokamata hata vinavyotoka kwa chembe ndogo mno. Makala yao ya mwaka 2012 ilihesabu mazao 16 kutoka kwenye shaba ile ile, na matano kati yake hayakuwa yameripotiwa kabla.

Someni hapo tena. Kumi na sita! Msomi hufurahi, mfanyabiashara hulia. Ukiweka mashine inayotoa vitu 16 vimechanganyika, kazi yako kubwa inakuwa kuvitenganisha, na kutenganisha ndiko kunakokula umeme na pesa. Kwa hiyo ugunduzi uliowapa jina katika taaluma ulikuwa pia ramani ya balaa lote linalowasubiri wakitoka nje ya maabara. Nadhani ndiyo sababu hawakutoka wawili tu.

Wa tatu ni Nicholas Flanders. Huyu hakushika kopo la kemia. Alikuwa Stanford akisoma biashara, nyuma yake ana miaka ya ushauri wa makampuni pale McKinsey. Mwaka 2015 watatu wakaanzisha kampuni, wakaiita Opus 12. Kumi na mbili ni ile kaboni 12, ya kawaida. Mwaka 2021 wakakata jina likabaki Twelve. Flanders mtendaji mkuu, Cave mkuu wa sayansi, Kuhl mkuu wa teknolojia.

Hawakuanza na jengo. Waliingia kwenye mpango wa Cyclotron Road, ambao unamweka mwanasayansi mwenye wazo ndani ya Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, unampa posho na ruhusa ya kutumia vifaa ambavyo kampuni changa isingeota kuvinunua. Kwa watu wa programu za kompyuta hili ni geni, maana ninyi mnahitaji kompyuta na kahawa. Huku hadubini moja inaweza kumaliza mtaji wote kabla hujaajiri mtu.

Uamuzi wao uliozaa kampuni, kwa mtazamo wangu, ulikuwa wa uvivu wa akili nyingi. Mashine za kupasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni zipo sokoni: sahani za chuma, utando wa plastiki katikati, vichocheo pande mbili. Wao wakasema, hatujengi mashine mpya. Tunabadilisha kile kitanda cha utando na vichocheo ili upande mmoja upasue hewa ukaa badala ya kutoa hidrojeni tupu. Bolti zile zile, mabomba yale yale. Inayotoka ni kaboni monoksidi, ukiichanganya na hidrojeni unapata gesi sanisi, na gesi sanisi dunia imeijua tangu Franz Fischer na Hans Tropsch walipoigeuza kuwa mafuta kule Ujerumani katika miaka ya 1920. Yaani kitu kipya ni kimoja tu katikati, na huku na huku vya zamani vinavyojulikana.

Nimemaliza sehemu ya kwanza. Karibuni.

Msomaji Kimya

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mkuu endelea.

Mbishi Halisi

Mleta uzi umeandika vizuri, sasa niruhusu niharibu sherehe.

Kiwanda chao cha kwanza ni cha Moses Lake, jimbo la Washington. Walipokitangaza mwaka 2023 walisema kitatoa mapipa 5 kwa siku. Pipa ni lita 159, kwa hiyo ni kama lita 795. Boeing 737 ikiwa angani inakunywa zaidi ya lita 2,000 kwa saa. Yaani kiwanda kizima kikifanya kazi usiku na mchana, jasho la siku nzima halirushi ndege moja hata nusu saa.

Nikaendelea kupiga hesabu. Lita 795 ni kama kilo 640. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa, kwa hiyo ili uitengeneze unahitaji kiasi hicho hicho. Ni tani 2 kwa siku, tuseme 730 kwa mwaka. Dunia inatoa tani bilioni 37 hivi kila mwaka kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi. Wakuu, hapa tunazungumzia tone, halafu bahari yenyewe inaendelea kujaa.

Watatu hao ni wasomi wazuri, sipingi. Ila timu nzuri inaweza kufanya kazi nzuri sana isiyo na maana.

Dada wa Maabara

Mbishi, hesabu zako ni sahihi, ila hujui kiwanda cha kwanza ni cha nini. Ngoja niwaeleze mimi ambaye mikono yangu imeloa.

Nilifanya miaka kadhaa kwenye kundi la utafiti wa mambo haya haya, si kwa hawa. Elektrodi yangu, kile kipande kinachopitisha umeme, ilikuwa ndogo kama stempu ya posta. Hewa ukaa haiyeyuki vizuri kwenye maji, lita moja inabeba kama gramu moja na nusu tu katika joto la kawaida. Ukizamisha kipande cha metali humo, hewa iliyo karibu nacho inaisha mara moja na mkondo wako unagota. Kwa hiyo tunatumia elektrodi yenye vitundu, gesi inaingia kwa mgongo, maji yako mbele, na kichocheo kimekaa mpakani. Mpaka huo ndio kila kitu.

Na mpaka huo ndio unaofurika. Saa za mwanzo unaona namba nzuri, unampigia msimamizi simu. Usiku maji yanajipenyeza kwenye vitundu, gesi haifiki tena, na mashine yako bila aibu inaanza kutoa hidrojeni tupu. Umeme unaingia ule ule, ampea ziko pale pale, lakini ulichokitaka hakuna. Siku moja niliacha jaribio likiwa zuri Ijumaa, nimerudi Jumatatu nimekuta chumvi nyeupe imeziba njia yote ya gesi kama ukoko. Nilikaa chini sakafuni. Si kwa kulia, kwa kuchoka tu.

Sasa chukua stempu hiyo, iwe sahani kubwa. Halafu panga sahani nyingi zifuatane, kila moja ipate gesi sawa, joto sawa, unyevu sawa. Ikifurika moja tu, wenzake wanabeba mzigo. Hiyo si kemia tena, ni kazi ya mhandisi wa mitambo, anayejua mtiririko, shinikizo, na mpira wa kuzibia utakaopasuka lini. Ndiyo maana niliposoma kwamba mmoja wa waanzilishi ni mhandisi wa mitambo nilitikisa kichwa kwa kukubali. Kundi letu tulikuwa wakemia watupu. Tulitoa makala nzuri.

Kiwanda cha mapipa 5 kipo ili kujua vinavyovunjika. Ukiruka hatua hiyo ukajenga cha mapipa elfu, utajifunza yale yale kwa bei ya mapipa elfu.

Mbishi Halisi

Dada, hapo kwenye ukoko umenipata. Lakini umesema mwenyewe, hidrojeni inatoka bila kuombwa. Kwa nini wasiuze hidrojeni wakaachana na mateso?

Dada wa Maabara

Hidrojeni ni sehemu ya mapishi hata hivyo, gesi sanisi inaihitaji. Tatizo ni inapotoka wakati na kwa kiasi usichokitaka. Na ndege haziruki kwa hidrojeni leo, zinaruka kwa mafuta ya kimiminika yanayoingia kwenye tangi lile lile.

Mhasibu Mstaafu

Nimesoma kimya kimya, sasa niingie kwa upande wangu wa vitabu vya hesabu.

Wengi mnawatazama hawa kama watu wa mafuta ya ndege. Angalieni walivyoingia sokoni. Mwaka 2020 walishiriki kutengeneza kipande cha ndani cha gari la Mercedes-Benz kwa plastiki iliyoanzia kwenye hewa ukaa. Baadaye wakawa na Procter & Gamble kwenye viambato vya sabuni ya Tide. Mwaka 2022 wakatoa lenzi za miwani ya jua pamoja na kampuni ya mavazi ya Pangaia. Miwani! Mtu anaweza kucheka. Mimi sikucheka.

Lenzi ina gramu chache tu za plastiki. Hata malighafi ikiwa ghali mara kumi, bei ya miwani dukani haitikisiki, kwa sababu mnunuzi analipia jina na muundo. Mafuta ya ndege ni kinyume chake: mteja ananunua kwa tangi, na kila senti anaiona. Mtu wa kemia peke yake angekimbilia mafuta siku ya kwanza kwa sababu ndiko tani zilipo, akafilisika na ripoti nzuri mkononi. Hapo naona kazi ya Flanders. Simsifii kupita kiasi, kazi yenyewe ni kujua utauza nini leo wakati unachotaka kuuza hakijawa tayari.

Kisha pesa. Mwaka 2022 walipata dola milioni 130. Septemba 2024 wakatangaza milioni 645, wakiongozwa na mfuko wa TPG. Someni mgawanyo: milioni 400 kati ya hizo ni mtaji wa miradi, yaani wa kujenga viwanda, na 200 ndizo za kampuni yenyewe, zilizobaki ni mikopo. Hizi ni pesa za aina mbili tofauti kabisa. Anayeweka pesa kwenye kampuni anacheza bahati, akipata mara kumi ni sawa, akipoteza ni sawa. Anayeweka kwenye kiwanda anataka kujua mteja ni nani, kwa bei gani, kwa miaka mingapi. Ndiyo maana mkataba wao na IAG, wenye British Airways na Iberia, wa kununua mafuta kwa miaka 14, kwangu una uzito kuliko tuzo zote.

Kijana wa Programu

Shikamoo mzee Mhasibu. Naomba kueleweshwa: huyo mteja anakubali vipi kununua mafuta ghali kwa miaka 14? Ana roho nzuri?

Mhasibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Roho nzuri haiandikwi kwenye mizania. Umoja wa Ulaya umeweka sheria: kuanzia 2025 asilimia 2 ya mafuta yanayojazwa kwenye viwanja vyake yawe ya aina endelevu, na kima hicho kinapanda hadi asilimia 70 mwaka 2050. Ndani yake kuna fungu maalumu la mafuta ya kutengenezwa kwa umeme, linaanza 2030 kwa asilimia 1.2. Anayeuza mafuta asipofikisha anapigwa faini. Sheria imetengeneza mteja ambaye soko lisingemtengeneza. Na siku sheria ikilegezwa, mteja naye analegea. Hiyo ndiyo hatari namba moja kwenye kitabu changu, mbele ya kichocheo.

Kijana wa Programu

Asante mzee. Swali la pili kwa mleta uzi. Kwa hiyo kanuni ni watatu: mkemia, mhandisi, mtu wa biashara? Nakopi hivyo hivyo?

Mzee wa Elektroni

Ungekuwa unakopi ungekuwa rahisi. Ngoja nikupe timu nyingine uone.

LanzaTech ilianzishwa New Zealand mwaka 2005 na Sean Simpson na Richard Forster. Hawa hawakutumia umeme, walitumia bakteria. Kuna mdudu mmoja aliyetengwa kutoka kwenye kinyesi cha sungura, anakula kaboni monoksidi na kutoa ethanoli. Ukimwekea moshi wa kiwanda cha chuma, anashiba. Waanzilishi ni watu wa biolojia, lakini mwaka 2010 walimleta Jennifer Holmgren awe mtendaji mkuu, mwanamke aliyetoka UOP, kampuni ambayo imekuwa ikiuza teknolojia kwa viwanda vya kusafisha mafuta kwa miaka mingi. Yaani walikabidhi usukani kwa mtu aliyejua wenye viwanda wanaongea lugha gani. Mwaka 2018 kiwanda cha kwanza cha biashara kikaanza China kwenye kiwanda cha chuma cha Shougang, na mwaka huo huo ndege ya Virgin Atlantic ikatoka Orlando kwenda London ikiwa na mafuta yaliyochanganywa na ya kwao.

Kwa hiyo hapo waanzilishi walikubali mtu mwingine akae kwenye kiti. Ni wachache wanaoweza. Wengi wetu tungekufa na cheo.

Na msidhani wameshinda. Waliingia soko la hisa mwaka 2023 na bei ikaporomoka vibaya. Kufika kiwandani si kufika kwenye faida.

Halafu kuna Liquid Light, ile iliyotokana na kazi ya Princeton, kwenye maabara ya Andrew Bocarsly. Hawa ndio ndugu wa karibu wa Twelve kwa kemia, umeme na hewa ukaa, na walitangulia. Sayansi yao ilikuwa imara. Mwaka 2017 mali zao zilinunuliwa na Avantium ya Uholanzi. Kazi haikufa, lakini kampuni ilikwisha. Nikilinganisha, sioni kwamba wale walikuwa wajinga zaidi. Naona waliwahi. Walipokuwa wanatafuta pesa za kujenga hakukuwa na sheria ya kumlazimisha mteja, na umeme wa jua na upepo ulikuwa haujashuka bei kama ulivyoshuka.

Msomaji Kimya

Kwa hiyo bahati?

Mzee wa Elektroni

Wakati. Bahati ni jina tunalompa wakati tukiwa hatuna hesabu zake.

Mbishi Halisi

Mmekwepa hoja yangu kwa adabu, nimeona. Narudi.

Mafuta ya ndege yakichomwa, ile hewa ukaa inarudi angani siku hiyo hiyo. Mmeikopa alfajiri, mmeirudisha jioni. Kama iliyokopwa ilitoka kwenye bomba la kiwanda cha makaa ya mawe, basi kaboni ya ardhini imefika angani, imepitia tu kwenye injini ya ndege. Mmeitumia mara mbili, sawa, ila haijarudi chini. Sasa walinganisheni na wale wa zege. CarbonCure ya Canada, iliyoanzishwa na Robert Niven, wanapuliza hewa ukaa kwenye zege mbichi, inageuka kuwa chokaa ngumu na inakaa humo. Juu ya hilo wanapunguza saruji kidogo. Mwaka 2021 walikuwa mmoja wa washindi wawili wa tuzo ya Carbon XPRIZE, shindano la kuigeuza hewa ukaa kuwa bidhaa, mwenzao CarbonBuilt iliyotoka UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, na wote wawili ni watu wa zege. Hakuna mtu wa mafuta hapo. Na kemia yao inateremka mlima, haihitaji kulipa deni la majivu.

Dada wa Maabara

Hoja nzuri hii, nakupa haki yako. Kuifanya hewa ukaa kuwa jiwe ni kuendelea kuteremka, kuifanya mafuta ni kupanda. Ila zege haliwezi kurusha ndege. Gari unaweza kulifungia betri, ndege ya masafa marefu betri ni nzito mno. Kwa hiyo swali kwangu ni hivi: hiyo ndege itaruka kwa mafuta gani? Kama itaruka kwa ya ardhini, kila safari inaongeza kaboni mpya. Kama itaruka kwa yaliyotengenezwa, inazunguka ile ile.

Na hapo kwenye chanzo uko sahihi kabisa. Kwa Moses Lake walisema hewa ukaa itatoka kwenye viwanda vya ethanoli, pale mahindi yanapochachuka, ambayo mmea uliivuta juzi tu kutoka angani. Umeme wa eneo hilo kwa sehemu kubwa ni wa mabwawa ya mto Columbia. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo viwili, ukaweka umeme wa makaa kwa mfano, unakuwa umechoma makaa ili utengeneze mafuta, na hapo ni bora uchome mafuta moja kwa moja ukapumzike.

Mhasibu Mstaafu

Umeme huo ni kiasi gani? Nipeni uniti, mambo ya elektroni siyajui.

Dada wa Maabara

Lita moja ya mafuta ya ndege ina nguvu ya karibu uniti 10. Hizo ni za lazima, hata mashine ingekuwa kamilifu. Mashine halisi, ukijumlisha hatua zote hadi kwenye lita ya mwisho, ukipoteza nusu ujione umefanya vizuri. Weka uniti 20 kwa lita. Kwa mapipa 5 ni kama uniti 16,000 kwa siku.

Mhasibu Mstaafu

Basi nimeelewa kwa nini wako Moses Lake na si kwingine. Kwa uniti 20 kwa lita, bei ya umeme ndiyo bei ya mafuta. Vingine vyote ni mapambo.

Mzee wa Elektroni

Mzee umefika penyewe. Waisilandi walilijua hilo mapema. Kampuni ya Carbon Recycling International, iliyoanzishwa mwaka 2006, iliweka kiwanda chake cha methanoli, pombe ya viwandani inayoweza kuwa mafuta, pembeni ya kituo cha umeme wa jotoardhi Svartsengi. Hewa ukaa ilitoka kwenye mvuke wa ardhini wenyewe, umeme ulikuwa ukutani. Kiliitwa kwa heshima ya George Olah, yule mkemia wa Nobeli ya 1994 aliyehubiri methanoli kwa miaka mingi. Uwezo wake ulikuwa tani 4,000 kwa mwaka. Halafu kampuni ikafanya kitu cha akili: haikubaki kuwa muuza methanoli wa kisiwani, ikawa muuza teknolojia, na mwaka 2022 kikafunguliwa Anyang, China, kiwanda cha zaidi ya tani 100,000 kinachotumia ujuzi wao. Kutoka kiwanda kile cha kwanza hadi cha zaidi ya tani 100,000 imechukua kama miaka 10. Mbishi, weka hiyo kwenye hesabu zako za tone na bahari. Kwamba kidogo ni kidogo tunakubaliana. Kinachonishughulisha ni mteremko wa kukua.

Kijana wa Programu

Wakuu mimi nimekuja hapa nikitafuta wazo la biashara, naondoka na hofu. Kwenye programu nikikosea, narekebisha usiku huo huo. Hawa wakikosea wanasubiri chuma kipya miezi sita.

Lakini swali langu la mwisho. Miaka yote hiyo tangu 2015, hawa watatu hawagombani?

Mzee wa Elektroni

Hilo kawaulize wenyewe. Ninachokiona kwa nje ni kwamba kila mmoja ana eneo ambalo wenzake hawawezi kumshika mkono: vichocheo, sayansi ya mashine, pesa. Timu nyingi za wakemia wawili nilizoziona huvunjika juu ya swali ambalo wote wana maoni nalo. Kuhl na Cave walishakaa benchi moja la maabara miaka kabla ya kampuni, wakaandika makala pamoja, maana yake walishaonana katika siku mbaya. Jaribio likiharibika Jumatatu, kama alivyosema Dada, ndipo unamjua mwenzako.

Dada wa Maabara

Kabisa. Mwenzangu wa benchi ile siku ya ukoko hakusema neno. Alileta maji yaliyosafishwa na brashi. Hadi leo nikipata wazo, namwandikia yeye kwanza.

Mbishi Halisi

Sawa, nimelainika kidogo, msinukuu. Lakini nitawapima kwa kitu kimoja. Sitaki lita wala madola. Dada, ile mashine ya kupasua maji ya sokoni inadumu muda gani kabla ya kubadilishwa utando?

Dada wa Maabara

Inatarajiwa makumi ya maelfu ya saa. Kwenye makala nyingi za hewa ukaa ukiona saa mia kadhaa watu wanapiga makofi.

Mbishi Halisi

Basi hiyo ndiyo namba yangu. Mkurugenzi wao akisimama tena jukwaani na picha ya ndege nyuma yake, mimi nitauliza saa.

Mhasibu Mstaafu

Na mimi nitauliza uniti. Tukae kiti kimoja.